Walikuchinjia Ng'ombe, Wakakunyima Yai

Wifi yangu Mwamvita,

Sikuandikii kukuuliza hali. Hali yako naijua, nilikuwepo ulipofunikwa. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na katika ukoo wetu mtu pekee ninayeweza kumfokea asiende kunisema kwa majirani ni wewe. Hiyo ndiyo faida ya marehemu: habebi umbea.

Hasira yenyewe inaanzia kwenye ng'ombe. Siku ya arobaini yako walichinja dume, wifi. Nilikuwa nimekaa mkekani nachambua mchele, nikamwona anavutwa kwa kamba kupita mlangoni, ameshiba, ngozi inang'aa, nikasema moyoni: huyu amekula kuliko Mwamvita. Pilau ikapikwa kwa masufuria ya kukodi. Watu wa Katubuka wakaja, wa Ujiji wakaja, mpaka wasiolijua jina lako wakaja. Wakala, wakajipangusa midomo, wakasema, "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Kaka yangu Ramadhani, mumeo, alizunguka na sinia akihimiza, "Kuleni jamani, msione haya. Kuleni!"

Neno hilo hukulisikia hata mara moja katika nyumba ile tangu uugue. Ng'ombe mzima, kwa mtu aliyenyimwa yai.

Unakumbuka ulivyoletwa? Ulikuwa bado na hina mikononi, ukanikuta jikoni nakaanga migebuka. Ukasimama mlangoni, ukatazama kikaango, ukaniuliza kwa upole kabisa, "Wifi, kwani huyu samaki amekukosea nini?"

Nikakujibu, "Wewe umeolewa na kaka, hukuolewa na kikaango."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukaninyang'anya mwiko, bibi harusi mzima, ukaanza kunifundisha: mgebuka aliyetoka ziwani leo hakaangwi mpaka akawa kuni. Anachemshwa na nyanya, kitunguu, chumvi na limau, na mchuzi wake unanywewa kikombeni kama chai. "Sisi wa Ilagala tunamla samaki," ulisema, "ninyi wa mjini mnamzika." Toka siku hiyo nikajua nimepata wifi, na nikajua sitamshinda kwa maneno.

Lakini siku hiyo hiyo niliona jambo jingine, sikulielewa. Ulipika sufuria nzima, ukapakua kwa watu wote, kisha ukakaa pembeni ya jiko umeinamisha kichwa, mpaka Shangazi Zuhura alipokumbuka kukuambia, "Na wewe chukua." Nikadhani ni haya za bibi harusi, zitaisha. Hazikuisha. Baadaye uliniambia mama yako alikuaga kwa neno moja: "Ukweni, tumbo liwe na adabu kuliko mdomo." Kwetu huku mke wa mtoto haombi chakula, hilo tunalijua sote. Anangoja kuambiwa. Akiulizwa kama anaongezewa, anajibu, "Nimeshiba." Wewe ulikuwa bingwa wa jibu hilo. Nimeshiba, shangazi. Nimeshiba, kaka. Nilikuwa nakutania kwamba tumbo lako lina ukubwa wa kijaluba cha wanja.

Utani ule siku hizi siurudii.

Kisha ukaugua. Mwanza wakaliondoa lile titi la kushoto, wakakurudisha nyumbani upone kidonda kabla ya kuanza dripu za saratani. Nesi alikueleza nikiwa nimesimama pale na mfuko wa nguo: dripu ni kazi ngumu, mwili uwe na nguvu, kwa hiyo kula. Samaki, mayai, maharage, maziwa, mboga, matunda. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na dawa yoyote ya kienyeji, tuambie kwanza, zisije zikagombana na zetu. Hakusema Kilatini. Alisema Kiswahili, tena cha polepole.

Tulipofika Katubuka tukamkuta Shangazi Zuhura ametangulia kutoka Ujiji, na mkeka wake, na lile dumu la njano la maji ya magome. Akaitisha kikao. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba, na mengine nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi, ambayo ubaya wake habari inakatika pale inaponoga. Lakini hata mimi nilishangaa elimu iliyomwagika jioni ile.

"Huyu mdudu wa titi," shangazi alisema, "ni mlaji. Ukila nyama, anakula nyama. Ukila samaki, anakula samaki. Kadiri unavyonona, naye ananona. Sasa dawa yake nini?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Njaa," akasema. Wote wakatikisa vichwa.

Ilikuwa hoja nzuri sana, wifi. Kasoro yake ni moja tu: wewe na mdudu mlikuwa mnatumia tumbo moja.

Wakaanza kukata. Nyama isiguswe. Samaki asiguswe. Mayai, maziwa, ndiyo kabisa. Maharage yanajaza tumbo. Mawese ni mazito. Chumvi inachochea, sukari ndiyo mama yao. Mara kila mtu amekumbuka chakula kilichomuua mtu fulani kijiji fulani. Walipomaliza, kilichobaki ni majani ya kuchemsha na Mwenyezi Mungu. Nikasema, "Mbona nesi kasema..." Kaka yangu, anayeweza kugombana na dereva wa bodaboda kutwa nzima kwa ajili ya chenji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Saada, usimbishie shangazi." Wakakugeukia wewe. "Mwamvita, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Basi. Umesikia. Mtoto wa Ilagala aliyeninyang'anya mwiko mkononi!

Kinachonichoma zaidi ni vile vikapu. Kaka yako Hamisi alikuwa akivileta kwa boti mpaka mwalo wa Ujiji: migebuka wa moshi, dagaa, mara nyingine sangala mbichi kwenye majani ya mgomba, na maagizo, "Ni vya dada, apate nguvu." Vilifika. Na wageni nao walifika, maana mgonjwa ana wageni kuliko harusi. Wanaingia wanapiga makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye, wanakaa, na mgeni haondoki na njaa katika nyumba ya watu wenye heshima. Unafikiri walipikiwa nini? Walipikiwa samaki wako. Harufu ilikuwa inapita chini ya mlango mpaka kitandani kwako. Walikaa upande wa pili wa ukuta wakichambua miiba ya mgebuka aliyetoka kwenu, wakisifu, "Huyu mwanamke ana subira!" Kaka yangu naye anakula nao, maana mwenyeji hawaachi wageni wale peke yao. Heshima tupu, pande zote. Na wewe na bakuli lako la majani, ukiulizwa, umeshiba.

Mimi nikaanza biashara ya magendo. Nilikuwa nachemsha mayai kwangu, mpaka kiini kinakauka kama nesi alivyosema, nakuja nayo nimeyafunga kwenye vipande vya vitenge pamoja na sindano na uzi, kwamba nimekuja kukupima nguo. Unatoka kwenda kuoga. Unalila yai nyuma ya migomba umesimama, macho mlangoni, kama mtu aliyeiba yai, si aliyeletewa. Siku moja uliniambia mdomo umejaa, "Wifi, sikujua yai lina utamu hivi." Nikacheka. Ningejua ningelia.

Halafu shangazi akafagia nyuma ya bafu, chini ya ile migomba.

"Nani anafuga kuku bafuni?" akauliza, na maganda yako kwenye kiganja.

Nikasema, "Mimi ndiye jogoo, shangazi."

Hakucheka. Wewe ukatoka ndani umejifunga kanga, ukapiga magoti. Kidonda hakijapona, na umepiga magoti. "Ni mimi, shangazi. Nisamehe." Uliomba radhi kwa yai, Mwamvita! Nami nikaambiwa nisikanyage pale mpaka nipate akili. Nilirudi baada ya wiki hivi, bila akili, na mlangoni nikawa napekuliwa mfuko kama mpakani.

Ukaniambia, "Wifi, acha. Wataniona sina adabu."

Hilo sijakusamehe. Wao nawakasirikia kwa ujinga wao, wewe nakukasirikia kwa adabu yako. Ungepiga kelele mara moja tu. Ungevunja sahani moja. Ungenitukana hata mimi.

Nguo zako ndizo zilizopiga kelele badala yako. Mara ya kwanza nilikupunguzia ubavuni kidogo, ukasema ni kwa sababu ya lile titi. Mara ya pili nikapunguza kiunoni. Mara ya tatu nikapunguza mabegani, na mabega hayanyonyeshi. Lile gauni lako la kitenge cha kijani chenye maua ya njano nililibana mpaka maua yakapandana. Fundi mwingine angekata kitambaa kilichozidi kikawa safi ndani. Mimi nilikunja tu, sikukata. Niliacha akiba yote mle ndani ya mshono. Uliona, ukaniuliza mbona gauni limekuwa zito. Nikasema, "Ili ukinenepa nisinunue kitambaa kingine. Mimi ni bahili." Ukatabasamu.

Tulipokwenda Mwanza kwa dripu, wakakupima damu, wakakupima uzito, nesi akatoka na sura nyingine. "Mama, damu iko chini. Leo hatuwezi kuweka. Nenda ukale, urudi."

Shangazi akajibu kwa niaba yako, "Anakula, mwanangu. Mboga za majani kila siku."

"Mboga nzuri, bibi. Na samaki je? Mayai?"

"Huyo mdudu naye anapenda samaki."

Nesi akakutazama wewe. Alikungoja wewe useme. Nilikukanyaga mguu chini ya benchi, wifi, nikakukanyaga kweli kweli. Ukasema, "Tutajitahidi, nesi." Tukapanda basi kurudi Kigoma, njia nzima ile, na dripu yako imebaki Mwanza. Safari ya pili ikawa vile vile. Ya tatu hukuweza kupanda basi.

Sisemi mgebuka angekuponya. Sijasomea, na aliyesomea naye hakuniahidi hivyo. Ugonjwa ule unaua hata walioshiba. Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwepo na wewe ulikuwepo, mkazuiwa na sufuria msikutane. Ulipelekwa vitani na njaa, halafu wakachinja ng'ombe kusherehekea ushujaa wako.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda limekufikia. Mwaka jana, naoga, mkono wangu ukakuta kitu kwenye titi, la kushoto kama lako. Kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya ngozi. Nilikaa kwenye ndoo muda mrefu. Unajua nilichowaza kwanza? Sikuwaza kufa. Niliwaza dumu la njano.

Na kweli. Niliporudi kutoka kwenye upasuaji wa kuliondoa, shangazi alikuwa barazani kwangu. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini dumu amelibeba mwenyewe kutoka Ujiji. "Mwanangu," akasema, machozi yanamtoka ya kweli, "safari hii tumewahi. Tutamshindisha njaa mapema." Akataka nihamie kwake anitunze. Kaka Ramadhani akapiga simu kusema ni wazo jema. Hebu ona. Mwanamume aliyekuzika wewe.

Nikasema hapana. Mimi ni binti wa nyumba, si mkamwana, na mdomo wangu haukuwahi kufundishwa adabu na mtu.

Usifikiri kula kulikuwa karamu. Dripu ile inageuza mdomo: kila kitu kina ladha ya sindano, na mimi sindano nimezishika kwa midomo miaka yote, naijua ladha yake. Nikaacha kijiko cha bati nikashika cha mti, nikakamulia limau. Siku vidonda vilipojaa mdomoni, limau nikaliweka mbali nikala vilivyolainika na kupoa: uji wa karanga na maziwa, parachichi la kuponda, ndizi mbivu. Mawese yakichemka kwa jirani nilikuwa natapika kabla hata hajatia maharage, kwa hiyo nikamwomba anipikie kwake na kuniletea vikiwa vimepoa. Maji nachemsha, matunda naosha na kumenya. Bakuli dogo liko kwenye meza ya cherehani: nikimaliza pindo, vijiko viwili, nikimaliza mkono wa shati, vijiko viwili. Kuna siku nilikula nalia, siyo kwa huzuni, kwa hasira tu, nakutukana wewe kati ya kijiko na kijiko. Nilikuwa nakula kwa matumbo mawili, wifi, na mdudu hakuwemo.

Ikafika siku ya kuamkia safari ya Mwanza, ile iliyoniogopesha, maana mara ya nyuma nesi alishasema damu yangu inashuka na ikishuka tena wataniahirisha. Nililijua neno hilo linavyoanza na linavyoishia. Asubuhi hiyo kikapu kikafika kutoka Ilagala. Ndiyo, Hamisi bado anatuma. Niliwahi kumwambia kule makaburini samaki wa dada yake walikwenda wapi. Sasa maagizo yake yamebadilika: "Hiki cha wifi wa marehemu. Akikila mgeni, nitakuja mwenyewe."

Nikaweka maji jikoni. Nyanya, kitunguu, chumvi, limau kidogo. Pua nimeifunga kwa kanga kama mwizi. Na kabla sijaipua, wakaingia: shangazi, dumu, na kina mama wa Ujiji wa kutosha kuswalia maiti. Mwakeye, mwakeye. Wakakaa. Wakanusa. Wakajiweka sawa kwenye mkeka, kila mmoja amekunjua mkono wa kulia tayari kunawa.

Nikapakua sahani moja.

Nikaketi katikati yao, nikasema bismillahi, nikaanza kula.

Wifi, sijui kama Kigoma hii kuna mwanamke mwingine aliyewahi kula mbele ya wageni aliokuwa hajawaandalia. Nilisikia meno yangu mwenyewe. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Dripu zimempanda kichwani."

"Si dripu, mama," nikasema. "Ni njaa. Dripu ni kesho kutwa, na wanapima damu kwanza. Anayetaka kula, nitampikia nikirudi."

Shangazi akasema, "Saada. Unamlisha."

"Namlisha nani, shangazi?"

"Unamjua."

"Namlisha Saada. Huyo mwingine akitaka, angoje nimalize."

Wakaanza kuaga. Kila mmoja alikumbuka ameacha kitu jikoni kwake. Shangazi hakuondoka. Alikaa ananitazama mkono, kutoka sahanini kwenda mdomoni, mpaka mchuzi nao nikaunywa kwenye kikombe kama ulivyonifundisha. Hapo ndipo akauliza, na sauti yake sikuijua:

"Na yule, angekula, angeishi?"

"Sijui, shangazi. Wala wewe hujui. Ila angekula."

Akatazama kikapu. "Mimi niliacha samaki siku ile ile niliyomkataza," akasema. "Nikasema hawezi kushinda njaa peke yake. Mpaka leo sijaonja."

Hilo ndilo lililoniharibia hasira yangu, nayo ilikuwa inakwenda vizuri. Ningependa awe mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unalala. Lakini huyu alijinyima pamoja nawe, kwa mapenzi, na mapenzi yake yakakumaliza. Hasira hiyo niipeleke wapi? Nimeileta kwako. Sikumkumbatia. Sikumwambia yameisha, kwa sababu hayajaisha. Nilimwekea mgebuka mmoja kwenye sahani, nikamwambia kama Ramadhani alivyosema arobaini yako, "Kula, usione haya." Alimla akilia, na miiba akaichambua moja moja. Dumu aliondoka nalo, limejaa kama lilivyokuja.

Mwanza nesi alitoka na karatasi, akasema, "Mama, panda kitandani, tuweke." Nilipanda haraka kama anayegombea kiti cha dirishani.

Sasa dripu zimekwisha, na mionzi pia. Limekuja jeshi jingine: wale wale waliotaka nishinde njaa sasa wanaleta soda na maandazi. "Nenepa, watu waone umepona!" Yaani siumwi kwa ajili yangu, wala siponi kwa ajili yangu, vyote ni maonyesho. Nesi amesema sasa nisijaze mafuta na sukari, uzito usipande ovyo, nile mboga, matunda, maharage, samaki, na nitembee. Kwa hiyo maandazi nayagawa, magazeti yake nayasoma, na jioni natembea mpaka mwaloni. Shangazi anakuja siku za soko. Haleti dumu tena. Analeta mayai, anayaweka mezani bila neno, anakaa mpaka nile moja. Nalila. Na maganda nayaacha pale pale mbele yake, hatuyafichi.

Juzi nilifungua sanduku nikatoa gauni lako la kijani, lile nililopewa walipogawa nguo zako. Nikawasha taa ya cherehani nikaanza kuufumua ule mshono. Akiba ilikuwepo yote, wifi, sijakata hata uzi wa pembeni. Rangi ya ndani bado mpya, maana haikuona jua. Maua yakarudi mahali pake. Nikalivaa. Upande wa kushoto nimejaza pamba, kwingine kote nimelijaza mwenyewe.

Nikasimama mbele ya kioo nikakasirika upya, kwa sababu limenikaa vizuri mno, nalo halikushonwa kwa ajili yangu.

Nakuacha sasa, uji unapoa. Mimi na wewe tutaonana, sina haraka. Ila nakuomba kitu kimoja, wifi. Huko uliko, najua hawawezi kukosa chakula. Wakikuuliza kama wakupakulie, usiniaibishe kwa kuinamisha kichwa. Waambie una njaa.

Wifi yako, bado nimekasirika, na nimeshiba,
Saada